Mwaka Nilioomba Mvua Ichelewe

Mimi nimezaliwa Lisekese, chini ya milima ya mawe ya Masasi, mahali ambapo ukiangusha jembe kwa nguvu kidogo unakutana na maji. Labda nimezidisha. Lakini mama yangu alikuwa akiteka maji kisimani huku anapiga soga na jirani, wala haiangalii ndoo. Nasema hivi mapema ili nieleweke: nilikua bila kujua kwamba kuna watu ambao maji yao lazima yapite kwanza juu ya bati la mtu.

Upadri niliupata kwa kuchelewa, na katika kanisa letu padri huoa. Sekondari nilisoma shule ya jioni pale Masasi mjini, nikiwa na mke na watoto watatu, dawati moja na mama muuza vitumbua aliyekuwa ananipiga kiwiko kila nikisinzia. Somo lililonipenda ni hesabu. Matokeo yalipotoka, mwalimu aliisoma alama yangu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Tangu siku ile nikawa mgonjwa wa kupiga hesabu. Nikiona ukuta, napiga hesabu. Nikiona mstari wa watu wanaokwenda kukomunika, napiga hesabu. Na watu wakiniona napiga hesabu, wanakaa kimya. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Barua ya uhamisho ilinipandisha juu, upande wa Newala. Nilikuta kanisa dogo la mawe, la tangu enzi za misheni, lenye paa la bati lililoiva rangi ya kahawa, na nyuma yake tangi kubwa la zege lililozama nusu ardhini. Jumapili ya kwanza niliwahubiria watu kumi na wanane na mbuzi mmoja. Mbuzi ndiye aliyesikiliza vizuri zaidi.

Niliwauliza wengine wako wapi. Katekista wetu, mzee mwembamba aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijajifunza kutembea, akanijibu kwa upole kama anayemweleza mgeni njia ya choo.

"Wako kwenye mikorosho, Padri. Huu mwezi wa salfa."

Huku kwetu salfa, ile dawa ya unga wa njano, hupigwa alfajiri, wakati majani bado yana umande, ili unga ushike. Ibada yetu ilikuwa saa moja asubuhi. Kwa hiyo Mungu na mikorosho walikuwa wanawagombea watu wale wale saa ile ile, na mikorosho ilikuwa inashinda kwa mabao mengi. Nikaomba tusogeze ibada hadi saa nne. Wazee walikunja nyuso. Katekista akasema:

"Sawa. Mungu wa saa nne tutamzoea."

Basi, wakaja. Walikuja moja kwa moja kutoka shambani, kope za njano, nywele za njano, wamenawa uso nusu. Jumapili ile kwaya ilipiga chafya kwa sauti nne. Wakaja vijana waliokuwa wameanza kusahau Sala ya Bwana, wakaja walimu wa shule ya msingi, wakaja kina mama wenye vichanga mgongoni. Mwaka wa pili kanisa lilijaa mpaka mbu wakawa wanakosa nafasi ya kukaa ukutani. Watu walisikilizia madirishani. Ikifika wakati wa kupeana amani, aliyekaa mbele alimshika mkono aliyekuwa nyuma yake na salamu ikachukua dakika kumi kufika mlangoni. Moyo wangu ulivimba. Sitakataa, ulivimba kama andazi.

Tukaitisha kikao cha wazee wa kanisa. Nilikwenda na karatasi niliyochora kwa rula. Tutavua paa lote, nikawaambia, tutausogeza ukuta wa nyuma kwa hatua kumi na mbili, tutainua kenchi mpya, zile mbao za pembetatu za kubeba paa, tutarudisha mabati mazuri na kuongeza mapya. Wiki tano, kazi imekwisha. Mzee mmoja akanyanyua mkono nusu.

"Padri, na ule upande wa…"

"Nimeshapiga hesabu zote, mzee wangu," nikamwambia, nikiigonga karatasi kwa kalamu.

Mkono ukashuka. Leo nikikumbuka mkono ule ulivyoshuka natamani kuurudisha juu kwa mikono yangu miwili.

Paa tulilivua mwezi wa tisa, kwa nyimbo. Gata, ile mifereji ya bati iliyokuwa inakinga maji ukingoni mwa paa na kuyapeleka tangini, nilikuta zimechakaa, zina kutu na matundu mawili matatu. Nikaziona ni takataka. Nikachukua mkasi wa bati, nikazikata vipande vya urefu wa mkono, nikampelekea mke wangu, Mama Padri, aliyekuwa na kuku arobaini wanaogombania sahani moja ya maji.

"Hapa umefikiri," akaniambia. Mke wangu hanisifii mara nyingi, kwa hiyo nililala usingizi mzuri sana.

Kisha korosho zikaanza kudondoka. Sikupaswa kushangaa, kwa kuwa korosho hudondoka kila mwaka, lakini kwenye karatasi yangu ya rula hazikuwemo. Fundi wa paa alikuwa na mikorosho yake. Wasaidizi wake walikuwa na mikorosho ya baba zao. Kwaya yote ilikuwa imeinama shambani, inaokota. Nilimfuata fundi mpaka Chiungutwa alikokwenda kwa wakwe zake, nikamkuta kivulini ameshika kata ya uraka, pombe ile ya mabibo ya mkorosho, uso umetulia kabisa.

"Padri, paa halikimbii," akaniambia. "Korosho inakimbia."

Nikarudi mikono mitupu. Tukawa tunasali chini ya mbingu, na turubai moja la bluu juu ya altare. Watu hawakulalamika. Walivaa kofia na kufungua miamvuli ya jua. Nilihubiri habari za Waisraeli jangwani, nikaona mambo yanakwenda.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu. Nyumba yake ya makuti ilikuwa hatua ishirini kutoka ukuta wa kanisa, na yeye ni Mwislamu, kama nusu ya mtaa ule. Alikuwa ameamua tangu siku niliyofika kwamba mimi ni mjukuu wake, na huku kwetu bibi na mjukuu wana utani wao, kwa hiyo aliniita mume wangu mbele ya watu wote, hata mbele ya wageni wa heshima niliowakaribisha kutoka Masasi. Mke wangu alimwita mke mwenzangu. Alikuwa akilea vitukuu watatu, na mgongo wake ulikuwa umepinda kama mpini wa mwavuli.

Siku moja mwezi wa kumi alisimama ukutani, akayatazama mawe yaliyo wazi juu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hili paa linarudi lini?"

"Mungu akipenda, kabla ya Krismasi."

"Krismasi?"

"Ndiyo, Bibi. Na litakuwa kubwa kuliko la zamani!"

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nikamwambia mke wangu jioni ile kwamba majirani wa huku wanapenda maendeleo, hata Waislamu wanafuatilia ujenzi wetu. Ndivyo nilivyosema. Mke wangu shahidi.

Wiki mbili baadaye nikasikia sauti za wanawake nyuma ya kanisa. Nikazunguka. Wamefungua mfuniko wa tangi, wamemteremsha mmoja wao ndani kwa kamba, na huyo wa ndani anakwangua chini kwa kibuyu. Ndoo iliyopanda ilikuwa na tope la rangi ya chai ya maziwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tangi, akisubiri zamu yake na ndoo ndogo ya plastiki.

Nikamvuta katekista pembeni, maana ndoo za nyuma ya kanisa nilikuwa naziona tangu nifike, nikidhani ni za watu wawili watatu.

"Mzee, haya maji ya kanisa wanakunywa watu wangapi?"

Akaangalia huku na huku, akahesabu kwa vidole, akaviacha.

"Wote wasio na bati, Padri. Huku juu ardhi haishiki maji. Ukichimba unachimba mchanga mpaka uzee. Mwenye bati anakinga kwake. Asiye na bati anakinga kanisani. Bomba la mtaa lilikauka zamani."

"Na tangi likikauka?"

"Wanashuka bondeni. Wakianza asubuhi wanarudi mchana, ndoo moja kichwani."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee yule hakuwa na hasira hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Ulisema umeshapiga hesabu zote. Nikajua na maji yamo."

Nilikaa juu ya rundo la matofali. Nikayaona yote kwa mpigo mmoja. Mvua za kwanza hushuka mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, wakati mwingine kwa nguvu, halafu zinakata mpaka Januari. Zikishuka wakati kanisa halina paa, tone hata moja halitaingia tangini. Bibi yule mwenye mgongo uliopinda atashuka bondeni na ndoo, na kupanda, siku baada ya siku, na nyumba nyingine zaidi ya kumi pamoja naye, kwa sababu mimi nilitaka watu wa madirishani waingie ndani.

Na gata? Nikakumbuka gata. Nikaenda bandani. Kuku walikuwa wamejipanga mstari, wanakunywa kwa starehe, wanainua vichwa kumshukuru Mungu kila funda.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuomba sala ambayo sikuwahi kuifundisha mtu. Uwanda mzima wa Makonde, kuanzia ukingo wa Newala mpaka unapoteremka kuelekea Masasi, watu walikuwa wanaomba mvua. Misikitini wanaomba. Makanisani wanaomba. Mimi peke yangu nimejifungia chumbani, nimepiga magoti, nasema: Bwana, isije. Wiki mbili tu. Hata kumi na mbili, siku kumi na mbili. Nilijiona kama mtu aliyepanga foleni moja na kijiji kizima halafu anamnong'oneza karani afunge dirisha. Kila wingu lilipojikusanya kule Ruvuma nilitoka nje na kulitazama vibaya. Nilipungua. Mke wangu alisema kola ya kipadri inanizunguka shingoni kama bangili.

Nilikwenda Masasi mara mbili kwa bodaboda kutafuta fundi mwingine wa paa. Wote walikuwa kwenye korosho. Hata wale wasio na shamba walikuwa kwenye korosho.

Jumapili moja, anga ikiwa nzito na joto linakaba, tulikuwa kanisani chini ya mbingu. Baada ya mahubiri katekista akasimama, akasema watu wamemwomba tufanye sala maalumu.

"Sasa tupige magoti. Padri atatuongoza kuomba mvua."

Watu wote wakapiga magoti kwenye vumbi. Mimi nikageukia altare, nikafungua mikono.

"Ee Bwana," nikasema, "tunakuomba mvua…"

"Sikia sala yetu," wakaitikia.

"…kwa wakati wako."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya katekista, ya chini kabisa:

"Wakati wake ndio huu, Padri."

Nikajaribu tena. Tunakuomba mvua ya… mvua iliyo… Maneno yalikataa. Nimesoma vitabu vya sala tangu utotoni, lakini asubuhi ile kinywa changu kilikuwa kikavu kuliko tangi. Nikashusha mikono, nikageuka. Nyuso zote zilikuwa chini, zinasubiri. Nikaona siwezi kuwadanganya watu waliopiga magoti.

"Ndugu zangu," nikasema, "inukeni. Siwezi kuomba sala hii."

Wakainua vichwa.

"Ninyi mnaomba mvua ije. Mimi, siku kumi na moja sasa, ninamwomba Mungu isije. Kama mnaona imechelewa, msimtafute mchawi. Ni mimi."

Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Nimevua paa bila kujua ni paa la maji. Nilijidai nimepiga hesabu zote na hesabu kubwa kuliko zote sikuiona. Mvua ikija leo, majirani zetu watashuka bondeni mpaka Januari kwa sababu yangu. Na si hilo tu." Nikanyoosha kidole kuelekea bandani. "Gata zote nimezikata vipande. Kuku wangu wanazinywea."

Halafu, kwa kuwa kanisa lisilo na paa halina siri, kutoka ng'ambo ya ukuta ikapanda sauti:

"Padri! Nimekusikia!"

Watu wote wakageuka. Bibi aliingia kwa mlango mkubwa, taratibu, na fimbo yake, akasimama kizingitini.

"Hodi, watu wa Mungu. Sikuja kusali. Nimekuja kuuliza."

"Karibu, Bibi," nikasema. "Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke hapo nitaichukua baadaye. Mume wangu, gata zangu umewapa kuku?"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Wazee walicheka, watoto walicheka, katekista alijishikilia kwenye mimbari. Mke wangu akasimama, uso umeiva.

"Bibi, ni mimi niliyewawekea. Nisamehe."

"Wewe mke mwenzangu kaa. Wewe umeletewa. Mwenye mkasi ni huyu." Akaninyooshea fimbo. "Ulipovua paa ulimwuliza nani?"

"Nilikaa na wazee wa kanisa, Bibi."

"Hao wanakaa chini yake. Tunaokunywa je, ulituuliza?"

Hakungoja jibu.

"Tangi hili lilipokuwa linajengwa, baba yangu alibeba mchanga kwa kikapu. Hakuwa Mkristo, wala hakuombwa kuwa Mkristo. Walikubaliana: paa lenu, tangi letu. Kila mwaka kabla ya mvua tunakuja wote, wa msikitini na wa kanisani, tunaosha tangi, tunaziba matundu ya gata. Mwaka huu tulisubiri tuitwe. Tukasema, huyu padri amesoma, anajenga kitu kikubwa, labda maji yataingia kwa njia nyingine. Kumbe ni kuku!"

Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka safari hii, na kicheko kikafa chenyewe.

"Mimi bondeni sishuki tena," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja siku ya gulio. "Siwezi. Nikishuka sitapanda. Sasa semeni, mnalirudisha lini?"

Katekista akatoka nyuma ya mimbari. Nilidhani ataniombea radhi. Badala yake akaniuliza swali, mbele ya wote, kwa heshima zote:

"Padri, una ruhusa ya kutusikiliza leo?"

Nikakaa kwenye ngazi ya altare. Nikawasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nipande Newala kukaa mahali nikiwa sina karatasi. Mama mmoja akasema ukuta mpya haujakauka vizuri, usitwike kenchi nzito, tuezeke kwanza sehemu ya zamani na ile mpya ingoje. Kijana mmoja akasema nusu ya kenchi ziko tayari, zimelala tu. Mwalimu akasema shule itatoa ngazi. Bibi akasema kwake msikitini yupo mtu anayetengeneza majiko ya mkaa na faneli za kumiminia mafuta ya taa, na mtu anayeweza kukunja faneli anaweza kukunja gata. Wakapanga: kila nyumba itoe mtu mmoja, aache korosho mpaka adhuhuri, kwa siku tatu. Kwa mkulima wa huku kuacha korosho chini mwezi wa kumi na moja ni kama kuacha mtoto barabarani. Walikubali bila kupiga kura.

Jumatatu, jua halijachomoza vizuri, nilikuta watu uwanjani wengi kuliko waumini wa Pasaka. Siwezi kusema ni wangapi, mtasema nazidisha. Mwadhini wa msikiti alikuwa juu ya ukuta tayari, misumari mdomoni, miguu imening'inia. Fundi wetu wa paa naye alitokea, ametumiwa habari na mama yake mzazi, macho mekundu, hakumtazama mtu. Nikapewa kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda. Padri mzima, kwenye kigoda, na nyundo na jiwe. Niliifanya kwa furaha isiyo na kifani.

Juu kule, katekista na mwadhini walishika boriti moja.

"Vuta kwako, shehe!"

"Sivuti. Nikianguka hapa kanisani nitazikwa na nani?"

"Ukianguka utaniangukia mimi. Tutakwenda wote, tutajibu maswali pamoja."

"Basi wewe utajibu kwanza, wewe ndiwe mwenyeji."

Walizipandisha kenchi, wakagonga papi, mbao za kushikia bati, wakalaza mabati. Fundi wa majiko alitandika bati jipya chini, akalikunja kwa goti na mti, na gata ikatoka nyoofu utadhani ya kiwandani. Wanawake wa pande zote mbili waliingia tangini na mifagio, wakaimba humo ndani, na wimbo ukatoka kwa mfuniko kama unatoka ndani ya ngoma. Mke wangu alipika ugali wa muhogo na mbaazi sufuria mbili. Na kuku, naona niseme, alichinja wengi.

Jumatano adhuhuri bati la mwisho la sehemu ya zamani likapigwa msumari, na bomba la kutoka kwenye gata likaelekezwa tangini. Ile sehemu mpya ilibaki wazi, imesimama kama mdomo usio na meno ya mbele, na hakuna aliyejali. Wingu zito lilikuwa limetanda. Tukasimama wote tunalitazama. Likapita. Likaenda kunyesha kwa wengine.

Jumapili nikaiomba mvua. Niliiomba waziwazi, kwa sauti kamili, bila kigugumizi. Sijawahi kusikia watu wakiitikia vile. Haikunyesha. Nikaiomba tena kwenye ibada za katikati ya wiki. Jua likawaka kama limekodiwa.

"Umeizuia mno, Padri," katekista akaniambia. "Sasa haikuamini."

Alitania, lakini mimi sikucheka sana. Nilianza kupita kwa bibi kila asubuhi nikiwa na kidumu cha maji kutoka nyumbani kwangu, kwani simtanki letu, lile tangi la plastiki, lilikuwa na kiasi kidogo kilichobaki. Alikipokea bila kusema asante, kama mtu anayepokea kilicho chake, na mimi nilifurahi apokee hivyo.

Ilikuja asubuhi ya Alhamisi, kama saa tatu. Upepo kwanza, na mabua yakaruka. Kisha tone moja kwenye bati la kanisa, pa! Kisha jingine. Kisha mtu akawa kama amemwaga gunia la korosho kutoka mbinguni, na magunia mengine yakafuata. Nilitoka mbio nikiwa na kandambili moja. Kila mtu alikuwa anakimbilia nyuma ya kanisa: waliokuwa mashambani, waliokuwa dukani, mwadhini na kanzu yake ameikunja kiunoni.

Bibi alitutangulia wote. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tangi, khanga imemshika mwilini, na mikono yake miwili imelishika bomba. Lakini hakulielekeza tangini. Alikuwa amelivuta pembeni, na maji yote yanamwagika chini, mekundu, yanatoboa mchanga na kuzama.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Yanapotea!"

"Niache!"

"Maji, Bibi! Maji!"

"Haya si maji, haya ni vumbi na mavi ya ndege! Mvua ya kwanza ni ya kuosha paa. Hukufundishwa?"

Sikufundishwa. Tukasimama kwenye mvua, watu wasiohesabika, tunayatazama maji tuliyoyalilia miezi yote yanavyozama ardhini. Watu waliguna kila bomba lilipotapika. Mwadhini alifumba macho asione. Mimi nilikuwa najiuliza: vipi ikikata sasa? Vipi ikiwa ndiyo hii tu?

Bibi akakinga kiganja, akaonja, akatema.

"Bado."

Mvua ikapungua. Nikasema kimoyomoyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kusema. Ikaongezeka.

Akakinga tena. Akatema.

"Bado kidogo."

Mara ya tatu alionja, maji yanatiririka kwenye kope zake. Kisha akameza.

Akalisukuma bomba kwa bega lake. Likageuka, likaingia kwenye mdomo wa tangi, na kutoka chini, kwenye zege tupu iliyosuguliwa, tukasikia maji yanagonga. Hakuna aliyeshangilia. Walisikiliza tu. Mlio ulikuwa mkubwa kwanza, wa kitu kinachoanguka mahali patupu, halafu ukaanza kuwa mzito, ukawa wa maji yanayoangukia maji.

Nilikaa kwenye tope pale pale, na kandambili yangu moja, nikicheka huku nalia, na kwenye mvua ile hakuna aliyeweza kujua ni kipi kati ya viwili.

Bibi akashuka kwenye ukingo akishikwa mkono na mke wangu. Akanipita, akasimama, akanitazama pale chini.

"Marahaba," akasema. "Sasa inuka, mume wangu, ukamalizie kanisa lako."